Fundi Huru wa Kibarazani kwa Mzee Melkior

Jumatatu, 6 Februari 1978

Nimeduwaa. Leo nimegundua kwamba sina kazi! Tangu nimalize shule nashona sare kwenye kibaraza cha duka la Mzee Melkior, hapa Mpanda mjini, na kumbe siku zote hizo sikuwa mfanyakazi wake. Mimi ni fundi huru. Hata Mzee mwenyewe hakujua, mpaka barua ya kodi ilipofika.

Barua inasema alipaswa kukata kodi kwenye mishahara ya mafundi wake na kuipeleka serikalini. Mzee amekata rufaa. Anasema hana mafundi, ana watu wanaojitafutia riziki kivulini mwake. Mahakama ya kodi inakuja Ijumaa kwa treni kutoka Tabora.

Kaniita pembeni. Akishinda, cherehani ninayoshonea itakuwa yangu. Yangu! Akishindwa anafunga kibaraza, na mimi narudi Kabungu kupalilia karanga za mama. Nimeahidi kumsaidia. Nimekanyaga cherehani kwa furaha mpaka uzi ukakatika.

Jumanne, 7 Februari

Mzee ana shemeji karani huko Tabora. Shemeji kamtumia maswali ambayo mahakama hupenda kuuliza. Cherehani ni ya nani? Nani anapanga saa za kazi? Fundi akiumwa, anaweza kumtuma mwingine? Nguo ikiharibika, hasara ni ya nani? Nimeyakariri kama katekisimu.

Athanasie, fundi mwenzangu wa kutoka Katumba, kanicheka mbele ya wateja. Kasema, we mdogo wangu, uhuru wenyewe ni wa kuomba ruhusa ya kwenda chooni? Yeye anataka aitwe mfanyakazi, apate likizo. Mwezi jana mtoto wake aliumwa, akamtuma dada yake ashone badala yake. Mzee alishika mkasi akamfukuza yule dada.

Nitamjibu kwa matendo.

Jumatano, 8 Februari

Nimepata wazo! Cherehani iandikwe jina langu kwa rangi nyekundu, kila mtu ajue ni yangu. Nikamwomba Mzee ruhusa. Kafurahi, kasema nina akili za kiume (sikupenda), ila niandike baada ya saa za kazi, nisimwibie muda.

Nimeandika: MARSELA FUNDI HURU. Imependeza sana. Athanasie kaombwa na yake iandikwe. Kakataa. Kasema ukiandika jina lako kwenye ng'ombe wa jirani, hatakupa maziwa.

Kile kipande cha reli anachogonga Mzee asubuhi ili tuanze kazi, mimi na Mzee tumekificha chini ya gunia la mchele.

Alhamisi, 9 Februari

Mvua tangu alfajiri. Rangi haikauki! Nimechelewa dakika kumi kwa ajili ya tope, Mzee akafoka hadi mishipa ikamtoka. Kasema fundi huru gani huyo anayechelewa, na kesho wageni wanakuja!

Nimemwomba msamaha. Ana haki.

Ijumaa, 10 Februari

Siamini. Siamini kabisa.

Walikuja watatu, wakakaa kwenye viti vya duka palepale kibarazani, wapate kuona kazi kwa macho yao. Mwenyekiti wao mzee mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Akaniuliza mimi kwanza: Binti, hapa nani hukuambia uanze kazi saa ngapi?

Nilijua jibu. Naapa nililijua. Lakini nikasimama, nikanyoosha kidole kama darasani, nikamgeukia Mzee Melkior nikamwuliza kama naruhusiwa kujibu.

Watu wakacheka hadi barabarani. Mzee akafunga macho.

Mwenyekiti akauliza cherehani ni ya nani. Nikaonyesha jina. Akaligusa, kidole kikatoka chekundu. Akauliza nimeandika lini. Juzi jioni. Kwa ruhusa ya nani? Ya Mzee. Kwa nini jioni? Kwa sababu mchana ningemwibia muda wake.

Athanasie akaulizwa habari za kutuma mtu. Akasimulia ya dada yake. Akaongeza ya mkasi. Kisha akavuta lile gunia la mchele, reli ikaonekana!

Mwenyekiti akasema karatasi inaweza kumwita mtu jina lolote, na rangi pia. Mahakama inatazama nani anaamuru, chombo ni cha nani, na nani anabeba hasara. Hawa ni wafanyakazi. Kodi ilipwe. Na wasifukuzwe ovyo!

Athanasie atapata likizo. Kanishukuru, eti ushahidi wangu ndio uliomwokoa. Nimelia nyuma ya duka.

Jumamosi, 11 Februari

Mzee kakwangua jina langu kwa kisu. Nilimshikia taa ya chemli, maana mawingu yalikuwa mazito.

Nilikuwa nimefunga kifurushi cha Kabungu. Lakini sare za shule ya Sitalike hazijaisha, na Mzee kasema hafungi tena. Ana mpango mpya, shemeji kaleta habari. Mfanyakazi hukatwa kodi, lakini mbia si mfanyakazi! Anataka niwe mbia wake. Mbia humiliki nusu ya cherehani. Yangu ni nusu ya mbele, yenye sindano.

Mbia! Mimi! Athanasie atakoma.

Nimemwomba Mzee ruhusa ya kuwa mbia. Kanipa. Kasema nifike Jumatatu saa moja kamili, reli ikigongwa nisichelewe, na nije na ile rangi iliyobaki.