Ugomvi wa Kulipwa

Sukari aliikagua nyumba ile akiwa bado barabarani, na akaipenda papo hapo. Bati bila dari, vyumba vinatazamana kwenye korido moja, na kuta zimeishia njiani kabla ya kufika juu. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anamwambia pole. Na pamoja na yote hayo, kimya! Kimya cha kutamanisha, jamani. Sukari akameza mate.

"Mke wangu," alisema, "hapa tunakula."

Mkewe, ambaye mtaani walimwita Bibie, alitua sanduku lao, akashika kiuno. "Basi iwe ya mwisho. Nimechoka kuhamahama kama paka mwenye watoto. Tukitoka hapa tunatafuta chumba cha kweli, tunakaa kama watu."

"Ya mwisho. Haki ya Mungu."

Kiapo hicho alikuwa amekila mbele ya kila nyumba waliyoingia, na kila mara kwa sauti ileile nzuri.

Msidhani walizaliwa matapeli. Sukari alikuwa muuza makochi, na Bibie alishona mashati kiwandani. Hali ilipokaza, kiwanda kikafungwa, na mtu anayeshindwa kununua shati hatanunua kochi. Wakabaki wanatazamana. Ndipo Sukari alipogundua kwamba kuna bidhaa moja ambayo mke na mume wasio na kazi hawaishiwi, nayo ni ugomvi. Wanapanga chumba kwenye nyumba tulivu, wanalipa kodi ya mwezi mmoja wakitabasamu, kisha wanagombana asubuhi na jioni mpaka wapangaji wengine watishie kuhama. Mwenye nyumba anakuja mbio, anawarudishia kodi yao na kuongeza kitita juu yake, mradi waondoke.

"Nimeiba nini hapo?" Sukari hupenda kuuliza. Mimi sijui sheria, ila mtu asiyeiba haulizi hivyo mara kwa mara.

Hata hivyo, mama mwenye nyumba hakuwa wa kuonewa huruma. Chumba kile kilikuwa na mtu, fundi saa mpole asiyechelewesha kodi. Sukari alipotaja dau kubwa kidogo, fundi saa akaambiwa afungashe.

"Nataka wastaarabu tu," mama alisema, noti zikizama kifuani.

"Mama, sisi hata nzi tunamwomba atupishe."

Wiki haijaisha, nyumba iliwaka moto. Sukari alicheza mume katili, kwa kuwa ndiye mwenye koo. Alitukana, akapiga sufuria ukutani, akamwita mkewe mzigo. Bibie alijibu kwa mayowe ya kupasua bati. Katikati ya vita alimnong'oneza, "Taratibu na sufuria, hatuna lingine," na wote wawili wakaziba midomo wasicheke.

Lakini wapangaji wa nyumba ile hawakutishia kuhama. Waliitisha kikao cha kuwapatanisha. Jumapili mchana waliketi koridoni, kila mtu na kigoda chake: nesi wa zamu za usiku, macho mekundu kwa kukosa usingizi, mwalimu mstaafu, aliyejipa uenyekiti bila kupigiwa kura, na mama mwenye nyumba, bahasha mkononi. Sukari aliiona bahasha ile kabla ya kumwona mama mwenyewe.

"Tuanze na mke," alisema mwalimu. "Sema mwanangu, usiogope."

Hapa Bibie alipaswa kusema kwamba hawezi kukaa tena kwenye nyumba hii. Aliinama, akavuta kanga yake.

"Nyumba naipenda," alisema. "Shida yangu ni yeye."

Sukari alishangilia moyoni. Mke huyu ana kipaji!

"Kila siku ananihamisha. Nikianza kumzoea jirani, tunaondoka. Ananiapia kwamba hii ni ya mwisho, nami namwamini kwa sababu nampenda, na haiwi ya mwisho kamwe. Nimechoka, mwalimu. Nataka kukaa mahali."

Machozi yakamtoka. Sukari alimjua mkewe: kilio cha kazi kilikuwa na kelele na kamasi. Hiki hakikuwa na sauti yoyote.

"Abaki!" alisema nesi. "Aondoke huyo mwenye domo."

Mama mwenye nyumba aliwatazama wapangaji wake, akaona wote wanatikisa kichwa kukubali. "Haya. Shika, mwanangu, ikusaidie kuanza maisha."

Bibie aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akamrudishia palepale. "Hiyo kodi yangu ya mbele, mama."

Mama hakuamini bahati yake. Ametoa hela, ameonekana mwema, na hela imerudi kifuani ingali na joto.

Sukari akaruka. "Jamani, subirini! Ni uongo! Ugomvi wote tuliigiza! Sisi ni matapeli, mimi na yeye!"

Wapangaji wakageukiana.

"Mnamsikia?" nesi alisema. "Mkewe analia, na yeye anamwita tapeli mbele za watu."

Mwalimu alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Tangu aanze kuuza makochi, hiyo ndiyo bidhaa ya kwanza ya kweli Sukari aliyowahi kuleta sokoni, na haikupata mnunuzi.

Mama alilipia hadi mkokoteni, Sukari asije akapata kisingizio cha kuchelewa. Sukari alipakia kifurushi cha nguo zake, kisha akasogea dirishani.

"Bibie! Mke wangu! Kweli umenifanyia hivi?"

"Punguza sauti. Nesi amelala."

Akapunguza. "Na nikipata kazi?"

"Ya mshahara?"

"Ya mshahara."

Macho ya Bibie bado yalikuwa mekundu. "Utapiga hodi, nitakufungulia. Lakini usiniapie, Sukari. Nenda tu."

Hakuapa. Alirudi kwenye mkokoteni na kushika ukingo.

"Tunapeleka wapi, bosi?" aliuliza msukuma mkokoteni.

Sukari alitazama barabara upande huu, kisha upande ule.

"Wewe sukuma kwanza," alisema. "Nafikiria."