Bluu Niliyomchagulia Violeth

Jumanne, 8 Julai

Nina miaka sabini na tisa kwa kitambulisho. Kwa hesabu ya marehemu mama ni themanini na mbili, na mama hakuwa mtu wa kukosea. Nimezishinda njaa tatu, operesheni ya vijiji, ndigana iliyomaliza ng'ombe wote zizini kwa baba, na madaktari wawili wa mifugo walionikataza ugoro. Wamezikwa wote wawili. Mimi naandika. Darasa la pili tu, lakini mwandiko wangu ni kama kulima kwangu: mstari haupindi.

Leo siku kubwa. Mjukuu wangu Violeth kaamua. Ndoa itafungwa hapa nyumbani Lingeka, si Bariadi mjini. Wabeja sana, asante mjukuu wangu! Mama yake, binti yangu, kalala hapa uani. Violeth anataka atoke mlangoni kwangu na shela lake, apite kaburini kwa mama, ndipo aende kuolewa. Mimi ndiye niliyemlea, kwa maziwa ya ng'ombe wangu. Nililia kidogo. Moshi wa jikoni.

Mzee Machibya hajapenda. Huyu ni babu wa Josia, bwana harusi. Ana ukumbi Bariadi, una feni. Kapiga simu. Kasema haya, iwe Lingeka, lakini ataleta Kosta mbili. Mambo yakiharibika watu wanapanda, ndoa inafungwa ukumbini kwake. Kasema hata mimi nitatafutiwa siti. Siti! Mimi!

Atanitambua. Harusi itakuwa ya kifahari, na ya rangi moja.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda Somanda, dukani kwa Sadick, mpambaji wa maharusi. Kanionyesha rangi ya maziwa. Nikamwambia maziwa nakunywa, sivai. Kanionyesha ya dhahabu. Machibya alioza mwanawe kwa dhahabu, ukumbi mzima ukawa kama jino bandia. Sitaki.

Ndipo nikaiona. Bluu! Si ile ya nguo za vichanga. Bluu nzito, ambayo ukifumba macho bado unaiona. Pembeni nikaagiza nyeusi. Mapazia, vitambaa vya viti, kapeti, keki, sare za ndugu wote, na suti yangu. Sadick akaandika yote kwenye daftari. Akasema, mzee wangu, hii hata Dar hawajathubutu. Namshukuru Mungu kwa wafanyabiashara wanaosema kweli.

Ijumaa, 11 Julai

Mke wangu Kwandu kakiona kitambaa. Kasimama na mwiko mkononi, ugali ukaungua. Akauliza hema litasimama wapi. Nikamweleza: mwisho wa shamba la pamba, pale panapotazamana na pori la akiba. Kama kambi za watalii! Mgeni anakula pilau huku anatazama pundamilia, bila kiingilio.

Kwandu akaniuliza taratibu, kama anavyouliza mtu aliyekwisha kujua jibu: vile vitambaa watu wa mifugo wanavyotundika porini kunasia mbung'o, ni vya rangi gani?

Nikamjibu kwamba mbung'o anafuata harufu ya ng'ombe, hana habari na fasheni. Mimi nimechunga tangu sijaota meno ya pili. Nani ataniambia habari za mbung'o?

Akasema haya, Mzee Fasheni. Sasa nyumba nzima wananiita hivyo. Hata jirani anayekuja kuomba chumvi.

Lakini nashukuru. Usiku wa leo nimekula ugali ulioungua bila kugombana. Ndoa ya miaka hamsini ni hiyo.

Jumatatu, 14 Julai

Nimempaka fahali wangu mweusi rangi ya bluu kwenye pembe. Atawatangulia maharusi. Pembe moja imekubali. Ya pili alipangusia mlango wa choo. Choo sasa nacho kina fasheni.

Machibya kaja kukagua. Nimempa sare, kaikataa. Kasema suti yake ya kaki aliishona mwaka pamba ilipokuwa pamba, na ndiyo atakayozikwa nayo. Nikamwambia kwa ilivyochakaa, ajihimu. Akacheka mpaka akakohoa. Akatazama mapazia, akasema, Ngeleja, rangi hii imenizaba kofi. Nimelipokea kama sifa.

Mgwisho wake wa kupungia nzi ni mzuri, nywele zake ndefu. Sikumwambia.

Jumamosi, 19 Julai

Siku yenyewe. Naandika kwa jicho moja, la kulia. La kushoto limevimba, halifunguki.

Asubuhi ilikuwa kama peponi. Hema la bluu, viti vya bluu vyenye fundo jeusi mgongoni, kapeti kutoka kaburini kwa binti yangu mpaka kwa mchungaji. Ndugu zangu wote bluu. Wageni wa mjini wakashuka kwenye Kosta na kupiga picha. Mama mmoja akauliza ni hoteli gani imetupambia. Nikamwonyesha kifua changu.

Mchungaji alipofungua kitabu, shangazi yake Josia akaruka. Nikadhani ni Roho. Akaruka wa pili. Kisha meza kuu nzima. Mbung'o! Wametoka porini kama walioalikwa kwa kadi. Wamelala kwenye mapazia, kwenye migongo ya ndugu zangu, wengine juu ya fahali. Keki hawakuigusa. Mbung'o hali sukari, anakula mtu. Na anatoboa suti, hata ya gharama.

Katikati ya vurugu, Machibya kakaa kitini katulia kama mtungi. Kaki yake hawaitaki! Akapaza sauti, akaniuliza: Ngeleja, harusi hii umetualika sisi au umewaalika wao?

Kisha akaamuru Kosta ziwashwe.

Nikageuka. Violeth yuko mlangoni na shela lake. Hajafika hata kwa mama yake. Akaniita guku, yaani babu, kama alipokuwa mdogo. Guku, akasema, ndiyo naondoka bila kumpitia mama? Hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa nafuu.

Kwandu hakungoja. Aliingia ghalani, akatoka na vitambaa vyeupe tunavyovunia pamba. Akaita wanawake wote. Wakawafunika ndugu zangu mmoja mmoja juu ya sare, wakang'oa mapazia, wakakunja kapeti. Sadick akashika kichwa, akasema mama, hiyo ni kazi ya siku mbili. Kwandu akamwambia ashike ncha ya pazia avute. Akavuta. Mabluu yote wakayatundika zizini, mbali, ukingoni mwa pori. Fahali wakampeleka hukohuko. Na mbung'o, wallahi, wakafuata!

Si wote. Waliobaki walikuwa kwangu. Suti.

Kwandu akasema vua. Sikuweza. Ndani nilikuwa na bukta tu, ya enzi nyingine. Akaniletea shuka la pamba nijifunike kama wengine. Nikakataa. Mwenye harusi anajifunikaje kama gunia? Watu wakanitazama. Kosta zinanguruma. Violeth naye ananitazama, na nikaona kwamba mbung'o watamfuata yeyote atakayesimama karibu nami, na wa kwanza ni yeye.

Basi nikaondoka. Nikatembea mpaka zizini, polepole, kifua mbele, na mbung'o wangu wote nyuma. Nikakaa juu ya ndoo katikati ya mapazia. Sikukimbia. Aliyesema nilikimbia alikuwa anaona vibaya.

Kosta zikazimwa. Nikaliona shela kwa mbali. Likatoka mlangoni, likasimama kaburini. Likakaa pale muda. Halafu likaenda kwa mchungaji. Spika ilikuwa nzuri, nilisikia kila neno, hata Josia alipokosea jina la pili la mkewe.

Ndipo nikasikia upepo sikioni. Machibya! Kaja na kaki yake, kavuta ndoo nyingine, kakaa. Akanipungia mgwisho mpaka amina ya mwisho. Sitasahau. Ingawa najua alitaka tu niuone mgwisho vizuri.

Maharusi wakaja wenyewe zizini. Violeth kajitanda kitambaa cha pamba juu ya gauni, akapiga magoti kwenye samadi, na Josia pia, na suruali yake mpya. Nikawapulizia maji ya baraka kwa mdomo, kama baba alivyonipulizia mimi. Midomo ilikuwa imevimba. Mengi yalimwagikia kaki ya Machibya.

Jumapili, 20 Julai

Asante Mungu kwa Violeth. Yeye ni nesi, kanikagua kabla hajaondoka na mumewe. Kasema nikipata homa yoyote nikimbilie hospitali kupima damu, nisijifanye fahali. Asante kwa Kwandu, kanipaka maziwa baridi usoni na hakusema nilikuambia. Alitaka. Nilimwona anatafuna neno, akalimeza. Asante hata kwa Sadick, kakubali kuyapokea mapazia yake yenye matobo.

Wageni wa mjini wanasambaza picha za harusi nyeupe ya pamba. Wanasema hawajaona ubunifu kama ule. Wanauliza nani aliyefikiria. Nimewajibu.

Kwandu kasikia nilivyojibu. Kaondoka jikoni akicheka peke yake.

Alhamisi, 24 Julai

Jicho la kushoto limefunguka. Habari njema imeingia kwa macho yote mawili: Scola, mdogo wake Violeth, kaposwa! Mchumba anauza samaki Lamadi. Nimewapigia simu palepale. Harusi naisimamia mimi, wasihangaike.

Itakuwa Lamadi, ufukweni kabisa, usiku. Na rangi ya safari hii ni nyeupe inayowaka. Taa! Taa kubwa juu ya kila meza, taa kwenye miti, taa mpaka majini, ziwa lote lione. Sadick nimemwambia kwa simu. Alikata simu. Nadhani alikimbilia kununua taa.

Kwandu kasema wale wadudu wadogo wa ziwani wanafuata taa kama wingu, wataingia kwenye pilau na kwenye pua za mchungaji. Nikamwambia harusi inapendeza kwa wingi wa wageni. Kaenda kuhesabu vitambaa vya pamba, sijui vya nini. Mavuno yalishapita.

Niliyoandika ni kweli tupu. Asiyeamini aje Lingeka amuulize Kwandu, lakini amuulize kabla hajaanza kucheka. Au aende Bariadi kwa Machibya. Yeye alikuwa kwenye ndoo ya pili, na madoa ya baraka bado yako kwenye kaki. Asimuulize bwana mifugo anayetundika vile vitambaa porini. Yule ana wivu.