Kura Yangu Moja Iliyopotea Kituo Namba Nne

Kwa Bi. Ardith Kjelstad,
Karani wa Uchaguzi, Kaunti ya Tamarack,
Mlango wa pili baada ya dirisha la vibali vya kuwinda.

Bi. Ardith mheshimiwa,

Pokea salamu za kiofisi, maana za kawaida nilishakupa Jumamosi kwenye kifungua kinywa cha zimamoto.

Ni mimi Merle Haugdahl, yule yule. Muuza kuni, muuza chambo cha samaki, fundi wa mashine za theluji zilizokata tamaa, na mgombea wa Bunge la Jimbo kwa tiketi ya Chama cha Watu wa Kawaida. Nimegombea mara nane na nimeshindwa mara nane, kwa hiyo hakuna wa kusema sina msimamo. Shule niliachia darasa la tisa, na wewe ni shahidi maana ulikaa dawati la mbele yangu. Ukiona sentensi imepinda usiinyooshe, isome hivyo hivyo.

Silalamiki kwamba nimeshindwa. Kushindwa tunajuana, tukikutana tunapeana mikono. Mheshimiwa Grunewald kapata kura elfu nane na zaidi, yule mama wa chama cha pili elfu saba na zaidi, na mimi mia tatu na kumi na moja. Ninacholalamikia ni ya mia tatu na kumi na mbili, ambayo haipo.

Sheria unaijua kuliko mimi. Chama kikifikisha asilimia mbili, jina lake linabaki kwenye karatasi ya kura mpaka uchaguzi ujao. Asilimia mbili safari hii ilikuwa kura mia tatu na kumi na mbili kamili. Nimekosa moja. Kwa hiyo mwezi wa kwanza narudi barabarani na kibao changu cha kushikia karatasi, kuomba sahihi elfu mbili za kurudisha jina la chama, kwenye baridi ambayo wino unaganda kabla mtu hajamaliza jina. Mara ya mwisho nilirudi nyumbani na sahihi zote, ila kucha mbili za mguu zilibaki huko.

Sasa malalamiko yangu, kwa namba, kama watu wenye mawakili.

1. Kituo namba nne, jengo la zimamoto la Elm Coulee, ndipo tunapopiga kura mimi na mke wangu Darlys. Mara saba zilizopita kituo hicho kimenipa kura mbili. Haziongezeki, hazipungui, kama macho. Pale wanapiga kura watu mia nne na kumi na nane, na wengi wao wanaota moto wa kuni zangu. Mbwa wao wananijua. Lakini kura ni mbili tu, na sijawahi kukusumbua kwa hilo. Safari hii mmebandika mlangoni: Haugdahl, moja. Bi. Ardith, mtu mwenye macho mawili akiamka asubuhi akakuta moja, hata kama ni mpole kiasi gani atauliza.

2. Mashine yenu ya kuhesabia ina umri wa binti yangu, na binti yangu ana watoto. Mimi hizi mashine nazijua. Chochote chenye mkanda wa mpira kikipigwa na baridi kinameza vitu. Niko tayari kuifungua bure, nina bisibisi.

3. Kuhusu yule mama wenu msimamizi wa mlangoni, Bi. Wilma. Shemeji yangu Orrin, ambaye ndiye mweka hazina wa chama na pia ndiye chama kilichobaki ukinitoa mimi, alinizawadia koti lenye jina langu mgongoni kwa herufi kubwa kama kiganja. Saa moja asubuhi nafika mlangoni, Bi. Wilma ananiambia hairuhusiwi kuingia na nguo ya kampeni. Nikavua koti. Ndani nimevaa sweta ya chama. Nikavua sweta. Ndani kuna fulana, na fulana nayo ina jina, maana Orrin alinunua seti nzima. Nikaanza kushika fulana, Bi. Wilma akanyanyua mkono.

"Merle, baba," akaniambia, "hapo hapo panatosha. Kuna watu hawajanywa chai."

Nikamwambia nitakwenda kubadilisha, nitarudi. Nikasimama nje ya zile mita thelathini mnazotupimia sisi wa kampeni, nikaanza kazi. Na kazi siku hiyo ilikuwepo. Nilisukuma magari kumi na moja kutoka kwenye theluji, likiwemo la Mheshimiwa Grunewald, ambaye alinishukuru kwa dhati kisha akaingia kujipigia kura. Nilimwashia gari kwa betri yangu kijana wa yule mama wa chama cha pili. Nilimshika mkono bibi Nordquist kutoka gari mpaka mlangoni, na alipotoka akaniambia, "Ningekupa yangu, mwanangu, lakini wewe hushindi, na mimi umri wangu huu sina kura za kuchezea." Niliwauzia kuni watu wanne pale pale kwenye foleni. Mpaka mnafunga saa mbili usiku, masikio nilikuwa siyahisi tena.

4. Utauliza, Merle, una ushahidi gani kwamba ulipiga kura? Ushahidi ninao. Ile stika yenu ya "Nimepiga Kura", mnayompa kila anayemaliza kupiga, nilikuwa nayo kifuani siku nzima, watu wote waliiona, na ninaiambatanisha hapa. Na tukiwa hapo hapo kwenye stika, nalalamikia pia ubora wake. Ncha moja imechanika, na nyuma kwenye gundi imejaa manyoya ya kijani. Mimi sina nguo ya kijani hata moja. Kaunti inayogawa stika zenye manyoya ndiyo hiyo hiyo itakayopoteza kura, mimi sishangai.

5. Hili naliandika polepole. Kama mashine haikumeza, na kama Bi. Wilma hakukalia karatasi, na kama mimi nilipiga kura, na stika inasema nilipiga, basi ile kura moja iliyobaki kituoni ni yangu. Sasa ya Darlys iko wapi?

Nimemuuliza. Nilimuuliza vizuri, mezani, nikiwa na uma mkononi. Nikamwambia mke wangu, mimi si mtu wa wivu, lakini ni Grunewald au ni yule mama?

"Kura ni siri, Merle," akasema. "Wewe ndiye unayetuhubiria hivyo kila miaka miwili."

Tangu siku hiyo ni wiki mbili. Chakula nakuta mezani, nyama na viazi kwenye bakuli la oveni, lakini upande wa pili wa meza hakuna mtu. Anakula akimaliza kufuma. Miaka thelathini na nne, Bi. Ardith, tumekula pamoja, hata ule mwaka nilioweka ndoo za minyoo ya chambo jikoni. Alinifulia mashati ya kushindwa mara saba. Kila nikishindwa ananiambia hayo hayo, kwamba angalau wawili tulikubaliana. Sasa sijui kama tulikubaliana.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, kura zote za jimbo la uchaguzi zihesabiwe upya kwa mkono, mkono wa mtu asiyevaa kijani. Pili, ikishindikana, zihesabiwe za kituo namba nne peke yake. Tatu, ikishindikana, wapiga kura wote mia nne na kumi na nane waitwe zimamoto, wakae kwenye viti, na kila mmoja aape alimpigia nani. Mkaange zile keki za kifungua kinywa cha Jumamosi, watakuja. Nne, na hili ndilo nalitaka hasa, usiri wa kura uondolewe katika jimbo letu kwa siku moja tu, kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ni Darlys. Akishasema, usiri urudishwe pale pale ulipokuwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kuulinda.

Yakikataliwa haya yote, nitagombea tena. Na yakikubaliwa pia nitagombea tena, kwa hiyo usiliogope hilo.

Nisalimie mzee wako na mgongo wake, waambie wale mabinti wa dirisha la vibali kwamba chambo cha kuvulia kwenye barafu kipo, na Bi. Wilma mwambie sina kinyongo, ila fulana ilikuwa safi.

Wako katika kushindwa kwa heshima,

Merle Haugdahl
Mwenyekiti, Katibu na Mgombea wa Kudumu,
Chama cha Watu wa Kawaida

N.B. Bi. Ardith, stempu anazo Darlys, kwa hiyo ilibidi nimpe barua. Akasoma yote amesimama. Alipofika namba nne akaitoa stika kwenye bahasha, akaigeuza, akaiweka juu ya mkono wa sweta yake. Ile aliyofuma mwenyewe. Ya kijani.

"Nilitoka nimepiga kura," akasema, "nikakukuta umesimama kwenye theluji na koti lako kama mtu aliyekosa mwaliko wa harusi yake. Nikabandua yangu nikakubandika, na wewe macho yako kwenye magari, hata hukuangalia. Sasa niambie, Merle. Wewe uliingia saa ngapi?"

Nimekaa na hilo swali toka mchana. Nimeyahesabu magari kumi na moja, nimeikumbuka betri, na bibi Nordquist, na kuni. Kuingia sikumbuki. Sikumbuki kwa sababu sikuingia. Nilisema nitakwenda kubadilisha fulana, na fulana ile niliivua siku ya pili yake. Nyani haoni, malizia mwenyewe.

Basi usihesabu kitu. Mashine yenu ni nzima. Nilitaka kuichana barua, Darlys akakataa, kasema stempu imeshabandikwa, na wewe hapo ofisini huna cha kukuchekesha mpaka theluji iyeyuke. Stika haimo, mwenyewe kaichukua. Nitumie zile fomu za sahihi elfu mbili. Ameshachora mistari kwenye karatasi ya daftari tufanye mazoezi, kaweka jina lake mstari wa pili, wa kwanza kauacha wazi, na amesimama hapa nyuma ya kiti changu na kalamu. Anasema safari hii anataka kuona kwa macho yake nikiujaza.