Kadi ya Mswaki Iliyoikataa Sahihi Yangu

Mwalimu wa Darasa la Pili,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama tunalingana, pole na watoto. Mimi ni baba wa yule binti wa dawati la mbele, mwenye pengo, anayenyoosha mkono kabla hujamaliza swali. Kwa heshima zote naomba somo la kupiga mswaki lifutwe. Sababu ninazo, na nyingine zinaniumbua mwenyewe, lakini umri wangu huu nikiendelea kudanganya nitazikwa na uongo wangu.

1. Nyumbani kwetu mswaki ulikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi mama watoto hupita bafuni akigusa miswaki kwa kidole: uliolowa umetumika, mkavu una kesi. Mimi, nakiri, kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiulowesha wangu bombani, naukung'uta mara mbili, naurudisha kwenye kikombe. Binti nilimfundisha mwenyewe, kama baba anavyomrithisha mtoto ufundi. Tuliishi kwa amani. Ukaja wewe na lile taya la plastiki la kufundishia, ukawaambia watoto mswaki kulowa si mswaki kutumika. Siku hiyo hiyo mtoto akamweleza mama yake hatua kwa hatua, hadi ile mikung'uto miwili.

2. Mtoto amekuwa mkaguzi. Hili linanichoma kwa sababu mkaguzi ni mimi: afisa afya, ninayewafungia watu bucha kwa nzi mmoja. Sasa nasimamishwa mlangoni na mtu anayenifika kiunoni, ana tochi. "Baba, sema aaa. Hapa umepiga deki sebuleni tu, vyumbani hukuingia." Shemeji yangu, aliyekuja kwa wiki moja akakaa miezi minne, alikaguliwa mara tatu akafunga begi. Hilo sitalilalamikia sana. Lakini aliyepata mia kwa mia nyumba nzima ni bibi yake peke yake, na meno ya bibi ni ya bandia. Haki iko wapi hapo, Mwalimu?

3. Kadi. Uliagiza mzazi asaini kila asubuhi na kila usiku, wiki mbili, baada ya kushuhudia. Mimi nilisaini visanduku vyote ishirini na vinane Jumapili moja nikisubiri chai ipoe. Kazini ripoti za ukaguzi tunazijaza hivyo hivyo, na mkubwa wetu husifu mwandiko. Binti akaniuliza Jumatano ya wiki ijayo nimeijuaje. Kisha akakaa na kifutio. Wino haufutiki, karatasi ikatoboka. Sasa kadi ina matundu kama gego langu la kushoto. Amekataa kuileta. Anasema ya uongo ibaki nyumbani, na Ijumaa wenzake wakiitwa mbele kuvishwa utepe, yeye atabaki ameketi. Alisema hivyo bila kulia. Angelia ningejua la kufanya.

4. Masomo mengine mbona hayana fujo? Sisi tulifundishwa volkano, tukachora, tukapata vema, na hakuna aliyeagizwa kwenda kuilipua nyumbani. Mswaki nao ufundishwe vivyo hivyo: wauchore, wataje sehemu zake, basi.

Kwa hiyo ama ufute somo, ama umvishe mwanangu utepe bila kadi. Meno yake ni safi, shahidi ni mimi. Najua shahidi mwenyewe ana kasoro.

Wasalimie walimu wenzako, mlinzi wa getini, na lile taya.

Ni mimi, mzazi mwenye majuto na meno ishirini na sita,
Baba wa Mwenye Pengo

Nyongeza: Barua hii ilibidi aibebe yeye, na yeye habebi asichokisoma. Ameisoma amesimama. Akasema namba moja kweli, mbili kweli, tatu kweli kabisa, kwa hiyo haoni ninamlalamikia nani. Akaniwekea dawa kwenye mswaki, kiasi cha punje ya harage, akanihesabia hadi mia na ishirini bila kuruka hata moja. Vyumbani nimeingia. Damu kidogo imetoka. Amesema ni fizi zinashangaa wageni. Tafadhali puuza yote ya hapo juu. Utepe wa Ijumaa usubiri, anataka tuitwe mbele pamoja. Naomba kadi mbili mpya, zote tupu. Ya kwangu atasaini yeye.