Nirudishieni Binti Yangu Kama Nilivyomleta

Shamba la Danylchuk,
Saskatchewan,
Februari 1976

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Pokea salamu za mkulima wa ngano. Sisi huku ni wazima, ng'ombe ni wazima, theluji imefika madirishani, na shida yangu ni wewe tu. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana haisomeki kwa kusimama.

Mimi ni Orest Danylchuk, baba yake Larysa, anayesoma kilimo chuoni kwako. Nilimleta mwenyewe kwa lori, amekaa kimya njia nzima, mikono mapajani. Huyo ndiye niliyewakabidhi. Mliyenirudishia simjui. Chanzo ni kile Kituo cha Wanawake mlichokiruhusu kando ya maktaba, na madhara yake nayapanga hapa kwa namba ili usije ukasema hukuelewa.

1. Krismasi yetu ya Januari, kwa kalenda ya kale ya kanisa letu, Larysa alikuja nyumbani, akala akashiba, kisha akamuuliza mama yake hati ya shamba ina jina la nani. Mke wangu Stefania akacheka. Halafu akaacha kucheka. Mheshimiwa, nimeishi na kicheko cha mwanamke huyu tangu ujana wetu, sijawahi kukisikia kikikatika namna ile. Akasema kwa upole, "Orest, hivi ukifa leo, mimi hapa nitakuwa mgeni wa nani?" Nikamjibu kwamba sina mpango wa kufa leo. Jibu hilo, ambalo mimi nililiona zuri, halikupokelewa.

2. Tokea hapo varenyky, yale madonge yetu ya unga yenye viazi ndani ambayo mama zetu waliyafinya tangu ng'ambo walikotoka bila kunung'unika, sasa yanafinywa na kila mwenye mdomo wa kuyala. Mwanangu Bohdan, mwanamume mzima mwenye ndevu, anafinya. Ya kwake yanafanana na viatu. Tunayala hivyo hivyo kwa malai, tukitazamana.

3. Nikaamua kuja kumchukua binti yangu. Nilipofika chuoni nilielekezwa kwenye ukumbi ulio nje ya ofisi yako, nikakuta wanawake wameketi sakafuni mpaka kwenye ngazi, hawa wanasoma, wale wanafuma soksi. Walitaka mambo mawili: chumba cha kulelea watoto wa wanafunzi, na taa kwenye njia ya mtoni iendayo mabwenini, ambako msichana mmoja alishambuliwa mwezi wa Novemba. Bado nazungusha macho kumtafuta Larysa, mama mmoja kijana aitwaye Verna Bear, mwanafunzi wa sheria, akanibandika mtoto mchanga kifuani. "Mzee, nishikie, nina mtihani," akasema. Nikamweleza kwamba mimi ni mkulima tu. "Afadhali," akasema, "umezoea viumbe wanaolia." Akaondoka mbio. Hata jina hakuniuliza. Je, huo ndio utaratibu wa elimu ya juu?

4. Kisha ukatoka wewe. Ulisimama mlangoni ukatangaza kwamba chuo si mahali pa watoto, na kwamba mama achague kitabu au mtoto. Nami nikakunyamazisha. Naomba radhi kwa namna nilivyofanya, si kwa kufanya, kwani Darcy, maana ndilo jina la mtoto yule, ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi, na wewe una sauti ya trekta. Ukaniuliza mimi ni nani. Nikakujibu kwa kunong'ona, "Ng'ombe wangu huzaa Februari, katika baridi hii hii. Sijawahi kumwambia hata mmoja achague ndama au maziwa. Najenga banda."

Hayo yalikuwa mazungumzo ya mifugo, Mheshimiwa. Kesho yake yakawa kwenye mabango. Gazeti likaniita mwanaharakati, na padri wetu akanipongeza mbele ya wanaume ninaocheza nao karata, ambao tangu hapo hawaniiti Orest, wananiita Banda. Nawe, badala ya kukaza msimamo, ukawapa chumba cha watoto. Nilikuwa nimekutegemea.

5. Taa ukakataa. Hilo nalo nalilalamikia, kwa sababu lilinifanya, niliporudi kumwona, nimsindikize Larysa bwenini kwa njia ile ya mtoni, jua limeshazama mapema kama lizamavyo majira haya. Nikaona amevua glavu ya mkono mmoja, katika baridi ile, ameshika funguo, ncha zimetokeza katikati ya vidole. Nikamuuliza kuna nini. "Hakuna kitu, Baba," akasema. "Wasichana sote tunatembea hivi." Alisema kama mtu anayekuelekeza dukani. Mimi nimetembea duniani miaka yangu yote mikono mfukoni, nikipiga mluzi, wala sikujua kuwa mluzi ule ulikuwa anasa. Sasa nikijaribu kuupiga zizini unatoka upepo mtupu, na ng'ombe wananigeukia. Nani atanirudishia mluzi wangu?

6. Hebu tazama tunakoelekea. Leo taa ni kwa wasichana. Kesho watazitaka kuku. (Kuku wangu tayari wana taa, na wanataga zaidi, lakini hiyo ni hoja nyingine.) Keshokutwa kuku wataunda kituo chao na kuuliza hati ya banda ina jina la nani. Jogoo atalalia mayai, naye atayalalia vibaya. Pasipo wa kuwika hatutaamka, tusipoamka ngano haitapandwa, mkate utaadimika Kanada nzima, na serikali itaanguka, yote kwa ajili ya chumba kimoja kando ya maktaba.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, moja kati ya mawili. Ama ukifunge kituo hicho na kunirudishia binti mkimya, mke asiyeuliza na mwana asiyejua kukanda unga. Ama, hilo likishindikana, utufungulie sisi akina baba kituo chetu, chenye viti, chai, na mtu mwenye subira wa kutueleza ni nini kimetupata.

Wasalimie wa nyumbani kwako, makarani wako, yule bawabu aliyenishikia mlango wa choo nikiwa na mtoto mkononi, na Darcy mwenyewe ukikutana naye. Stefania anakusalimu pia, ingawa sauti aliyotumia siwezi kuiandika.

Ni mimi, niliyekosewa lakini mwenye adabu,
Orest Danylchuk

Nyongeza: Stefania ameisoma barua hii kabla sijafunga bahasha. Amesema namba zote nizifute isipokuwa ya tano, na kwamba ya tano si jambo la kuandika, ni la kwenda kulisema. Basi bahasha hii utaipokea kutoka mkononi mwangu. Tutapitia kwanza mjini kuongeza jina lake kwenye hati, kisha tunakuja huko na lori. Bohdan yuko juu ya lori anafunga kamba: nguzo za msonobari, nyaya, na taa za zizini, zote nzima. Tafadhali mwambie fundi wenu wa umeme atufuate kwenye njia ya mtoni. Asipotokea tutaanza bila yeye. Najua ardhi imeganda kama chuma; Larysa amesema kwa simu kwamba wenzake wanazo sururu, na kwamba wameshaanza kuchimba.