Kijiko cha Kitani Kila Asubuhi

Jumatatu, 6 Machi
Wiki ya mwisho ya utafiti wangu! Wazee kumi na wawili wa kijiwe cha baba mkwe, hapa hapa Bukhara. Sita wanakunywa kijiko cha mafuta ya kitani kila asubuhi, yaliyojaa asidi ya linoleniki, ile inayosifiwa kushusha mafuta mabaya ya damu. Sita wanakunywa ya pamba, maskini. Chupa zote nyeusi, mke wangu huwapelekea kila wiki. Anayejua nani kapewa nini ni mimi tu. Jumatatu ijayo tunapima damu. Mafuta mabaya yakishuka kwa watu wa kitani, nakwenda Tashkent kuwasomea matokeo madaktari wa nchi nzima. Yasiposhuka, anakwenda Zebiniso wa meza ya pili na utafiti wake wa lozi. Nafasi ni moja. Lozi! Hata kindi anajua zina faida.

Jumatano, 8 Machi
Sikukuu ya wanawake. Zebiniso kapata maua mpaka ndoo za maabara zimeisha. Akaniuliza eti kaka Bahrom, umewahi kwenda kuwaona wazee wako wakinywa? Nikamjibu mtafiti wa kweli hachungulii watu midomoni. Ukweli ni kwamba baba mkwe akiniona huuliza wajukuu wako wapi.

Alhamisi, 9 Machi
Baba mkwe kaniita kwenye pilau yao ya Alhamisi. Mkwe hana udhuru. Nikakaa mlangoni, nikamimina chai. Mzee Ochil, mpishi wao, akateleka sufuria, akatoa chupa nyeusi. Akatoa ya pili. Akatoa kumi na mbili! Zote ndani, moshi mpaka darini! Nikauliza, mnafanya nini? Baba mkwe akashangaa. Eti mkwe, ulidhani Mbukhara hajui harufu ya kitani? Wenzetu sita umewapa mafuta yetu ya jadi ya pilau, sisi ukatutupia ya pamba, tumekukosea nini? Basi tangu wiki ya kwanza wanachanganya, kila mtu apate. Na asidi yenyewe ikipata moto ule, kwaheri! Nilitaka kulia. Nikala sahani mbili.

Jumamosi, 11 Machi
Akili yangu hailali. Nimewapitia wale sita wa kitani nyumba kwa nyumba. Kikombe kizima cha mafuta, mabichi, asubuhi na jioni, kufidia wiki zote. Mzee Ochil akauliza kama nimeamua kuwakaanga wakiwa hai. Lakini akanywa. Wazee wana adabu.

Jumatatu, 13 Machi
Waliofika kupimwa ni sita wa pamba. Wa kitani hawatoki chooni. Mke wa Mzee Ochil kanipigia simu. Matusi mengine sikuyajua, na mimi ni mzaliwa wa hapa! Damu ya waliofika: mafuta mabaya yamepanda. Pilau yenye mafuta ya mkia wa kondoo, wiki sita! Mkuu wa maabara akamwambia Zebiniso akate tiketi. Zebiniso akanishauri niandike yote yalivyotokea, watu wajifunze. Wajifunze nini? Nimelia kidogo, stoo.

Jumanne, 14 Machi
Nimeligundua kosa: mafuta! Safari hii nawapa mbegu. Mifuko sita ya kitani, sita ya ufuta, yote myeusi. Hapo hawatajua kitu. Baba mkwe amekubali papo hapo. Kaomba jambo moja tu, mifuko yote kumi na miwili itunzwe pakavu, kwa mwoka mikate ya ufuta hapo mtaani. Nimemruhusu. Mzee huyu anaiheshimu sayansi.