Alama ya Panda Kwenye Paja la Mwanangu

Rungwa, Jumapili 12 Oktoba 2025.
Leo ni miezi minane na siku kumi tangu niondoke Mkalama.

Kwa Baba Mkubwa Melkizedeki,
Msomaji wa Alama za Mizinga ya Ukoo.

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka kupanda miti kurina asali ya watu.

Nimepata habari kwamba binti yangu, aliyezaliwa Agosti, ana mishipa ya bluu pajani iliyogawanyika kama panda ya mti. Ukaitazama, ukasema hiyo ndiyo alama anayochonga jirani yetu Emilian kwenye mizinga yake, basi mtoto ni wa Emilian, na mke wangu Ritha afungashe arudi kwao. Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Daktari alimpima mtoto kwa mashine. Kwanza alitafuta kujua kama ni uvimbe unaokua au ni mishipa. Kisha ni mishipa ipi, na damu inakwenda mbio au polepole. Ndipo akaiweka kwenye kundi lake: vena zilizoumbika vibaya tangu tumboni, damu ya polepole. Hakuuliza habari za mizinga. Wewe uliamua ukiwa ng'ambo ya ua, bila miwani.

2. Ritha anasema alama hiyo hubonyea ukiigusa na huvimba mtoto akilia. Nimeubonyeza mzinga wa Emilian ulioko huku Rungwa, haubonyei. Nikaupiga teke. Aliyevimba ni mimi.

3. Beberu wako ana doa la panda ubavuni. Miaka minne anakula kwako. Mbona hujampelekea Emilian?

4. Mishipa ya miguu yako imejipinda kama njia ya kuja Rungwa, na hakuna mkandarasi aliyekuja kukudai.

Mimi niliishia darasa la sita, lakini najua alama ya mzinga huchongwa na mwenyewe kwa shoka. Hii haikuchongwa na mtu. Kwa hiyo naomba mtoto aitwe Dorkas, jina la marehemu mama, mbele ya ukoo wote, na Ritha asifungashe hata mwiko.

Nisalimie nyumba zote, pamoja na beberu.

Mwanao anayekutii katika mengine yote,
Simeoni

N.B. Jana nimekuta mzinga mzito usiochongwa alama. Nyufa za gome lake zimekaa sawasawa na alama ya ukoo wetu, hata kipofu angeona. Ni wetu, nimeuchukua. Nitafika nao Jumamosi tarehe 6 Desemba.